Hisa Zako Ziko NSE, Ngori Iko Addis na Goma: Pima Hivi Kabla Uweke Doo

Siku hizi hauhitaji suti wala ofisi Upper Hill ndio uitwe mwekezaji. Agosti 2025, Soko la Hisa la Nairobi, NSE, lilitoa ile sheria ya zamani ya kununua kuanzia hisa 100. Sasa unaweza kuchukua hata moja. Pesa ya lunch kwa kibanda cha Makina ama Kawangware 46 inatosha kukufanya mwenye kampuni, hata kama kipande chako ni kidogo kuliko kucha.

Hiyo ni form poa. Shida ni kwamba wasee wengi wanaangalia jina la kampuni, wanaona ni la Kenya, wanasema "hii naijua." Kweli, unajua laini yake, unajua ATM yake, na agent wake mnasalimiana kila asubuhi. Lakini unajua doo yake inalala wapi usiku?

Kampuni kubwa za NSE ziliacha kuwa za Kenya pekee kitambo. Safaricom iko Ethiopia. Equity na KCB ziko Uganda, Tanzania, Rwanda, Sudan Kusini na Congo. Ukinunua hisa zao umenunua pia siasa za hizo nchi: vita zao, uchaguzi wao, pesa zao na mood ya rais wao. Mabwenyenye wanalipa wataalamu mamilioni wawapimie hiyo ngori. Wewe huna wataalamu, una chama ya watu kumi na soo tano kila mtu kwa wiki. Kwa hivyo lazima ujipimie, na si ngumu venye wanafanya ikae.

SAFARICOM NA SAFARI YA ADDIS

Tuanze na hisa yenye kila mtu anajua. Mwaka 2008 serikali iliuza asilimia 25 ya Safaricom kwa wananchi, shilingi 5 kwa hisa. Zaidi ya watu laki 8 walituma maombi. Kuna watu walichukua loan, kuna wengine waliuza ng'ombe ushago. Juni 9, 2008 hisa ikaingia sokoni, ikapanda, halafu mambo ya mabenki ya Marekani yakachafuka. Bei ikateleza chini ya ile 5. Wenye walikopa waliumia vibaya. Wenye walinunua na pesa yao wenyewe wakangoja, miaka baadaye walikuwa wanacheka.

Fast forward hadi 2021. Bei imepita shilingi 40. Mei mwaka huo, kundi la kampuni likiongozwa na Safaricom lilishinda leseni ya simu Ethiopia kwa dola milioni 850. Angalia kalenda vizuri. Vita ya Tigray ilikuwa imeanza Novemba 2020. Yaani leseni ilinunuliwa katikati ya vita. Kwa nini? Juu Ethiopia ina watu zaidi ya milioni 100, na kwa miaka yote walikuwa na kampuni moja tu ya simu, Ethio Telecom ya serikali. Kwa mfanyabiashara, hiyo ni kama kupewa ruhusa ya kufungua duka ya pili kwa mtaa wenye uko na duka moja.

Huduma zilianza Addis Ababa Oktoba 2022. Novemba 2, 2022 serikali na wapiganaji wa Tigray wakasaini amani Pretoria. Watu wakapumua. Lakini M-Pesa yenyewe haikuwa ndani ya leseni ya kwanza. Safaricom ilingoja hadi Mei 2023 ndio ikaruhusiwa, na leseni hiyo ilikuwa na bei yake, dola milioni 150. Agosti mwaka huo huo serikali ya Ethiopia ikatangaza hali ya hatari juu ya mapigano ya Amhara. Amani upande mmoja, moto upande mwingine.

Halafu ikaja ile ya Julai 29, 2024. Ethiopia, ikiwa inatafuta mkopo wa IMF, iliacha birr ijitafutie bei. Kabla ya hapo dola moja ilikuwa kama birr 57. Ndani ya mwezi ikapita 100.

Piga hesabu kama ya mama mboga. Chukua dola moja kuwa shilingi 129. Birr 57 kwa dola inamaanisha birr 100 ilikuwa inakuletea kama shilingi 226. Dola ikifika birr 110, ile birr 100 inakuletea kama shilingi 117. Mteja wa Addis hajaacha kununua bundles. Hajakataa M-Pesa. Hakuna mnara umechomwa. Lakini kila birr yenye ameleta, ukiibadilisha ije Nairobi, imekatwa karibu nusu.

Novemba 2024 Safaricom ikatoa matokeo ya miezi sita: faida imeshuka kwa karibu asilimia 18, hadi shilingi bilioni 28.1, na Ethiopia ndiyo ilikuwa sababu kubwa. Biashara ya Kenya ilikuwa inasonga vizuri tu. Msee wa Gatwekera mwenye hisa zake 100 hakuwahi kukanyaga Addis, lakini Addis ilimkanyaga.

Usitupe lawama zote kwa Ethiopia lakini. Bei ilishuka kutoka ile ya juu ya 40 hadi chini ya 15 mwisho wa 2023, kabla hata birr haijaachiliwa. Hapo kuna mengine mengi: Marekani ilipandisha riba, dola ikawa tamu, wageni wakauza hisa za Nairobi wakahepa, na shilingi yetu ikaporomoka hadi karibu 160 kwa dola Januari 2024. Mtu alinunua hisa 100 kwa 40 alilipa 4,000. Kwa bei ya 14, zilikuwa zimebaki 1,400. Gawio lilikuwa 1.20 kwa hisa, yaani 120, kodi ikikatwa asilimia 5 inabaki 114. Hiyo haifuti machozi.

Halafu mwaka 2025 bei ikarudi juu ya 25. Mwenye alinunua kwa 14 alikuwa karibu amezidisha pesa yake mara mbili. Kampuni ni ile ile na Ethiopia ni ile ile. Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti: bei yenye kila mmoja aliingia nayo. Shika hiyo, tutairudia.

CONGO YA KAWANGWARE NA CONGO YA GOMA

Kawangware kuna stage inaitwa Congo. Wengi wanapita hapo kila siku bila kufikiria Congo ile ingine. Lakini kama uko na hisa za benki, Congo ile ingine inakuhusu.

Equity ilinunua sehemu kubwa ya benki ya BCDC mwaka 2020, ikaiunganisha na ile yenye ilikuwa nayo tayari, ikawa EquityBCDC. KCB ikafuata Desemba 2022 ikachukua asilimia 85 ya Trust Merchant Bank, TMB. Congo yenyewe ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huo huo wa 2022. Kila mtu alikuwa anaimba soko la watu karibu milioni 100, shaba, kobalti, na watu wengi wenye hawana akaunti ya benki.

Mwisho wa Januari 2025, M23 wakaingia Goma. Katikati ya Februari wakachukua Bukavu. Benki zikafunga milango. Benki Kuu ya Congo ikafunga tawi lake Goma. Uwanja wa ndege ukafungwa. Watu wenye walikuwa na pesa kwa akaunti walikuwa nayo kwa simu lakini si kwa mkono.

Sasa hapa ndio wasee wengi huchanganyikiwa. Ukiona Goma kwa TV inawaka, unauza hisa zako za benki usiku huo? Kabla ujibu, jiulize swali moja: biashara yao Congo iko upande gani? Makao makuu ya EquityBCDC yako Kinshasa. TMB iko Lubumbashi, kwa migodi ya shaba. Kutoka Goma hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege. Vita ya mashariki ni ngori ya ukweli na watu wanakufa, lakini kwa hesabu ya benki haimaanishi kila tawi limefungwa. Mtu anauza juu ameona neno "Congo" kwa habari, ni kama mtu wa ng'ambo anafuta safari ya Diani juu amesikia kuna maandamano Nairobi.

Upande ule mwingine, usijidanganye. Hiyo vita ikisonga hadi kwa migodi, hesabu inabadilika siku hiyo hiyo. Kwa hivyo kazi yako si kuogopa ama kutoogopa. Kazi yako ni kujua ramani.

Benki zetu ziliwahi kupewa funzo kali zaidi Sudan Kusini. KCB ilifika Juba 2006, wengine wakafuata, na wakati nchi ilipata uhuru 2011 kila mtu alikuwa anaona mafuta tu. Desemba 2013 vita ikaanza. Desemba 2015 pauni ya huko ikaachiliwa, ikaruka kutoka karibu 3 kwa dola hadi zaidi ya 18, kwa siku moja. Pesa yenye ilikuwa inakaa nono kwa vitabu ikabaki mifupa. Ukiilinganisha na ile ya birr, utaona mambo yanafanana. Risasi ndio hufika kwa habari, lakini mwenye hisa mara nyingi huumizwa na pesa ya nchi. Pesa huanguka kimya kimya, na hakuna kamera inaenda kuipiga picha.

KIBERA ILISHAWAHI KUWA HATARI YA MTU MWINGINE

Hii sehemu ndiyo nataka usome polepole, juu inakugusa wewe moja kwa moja.

Novemba 2006, kampuni ya Rift Valley Railways ilichukua reli ya Kenya na Uganda kwa mkataba wa miaka 25. Wawekezaji kutoka nje walikuwa wamekaa na ramani, wakapiga hesabu ya mizigo, mafuta, kahawa, bandari. Halafu uchaguzi wa Desemba 2007 ukachafuka. Mapema 2008 vijana waking'oa reli ndani ya Kibera. Soko la Toi lilichomeka. Treni za kwenda Uganda zikasimama, na mafuta yakawa shida Uganda na Rwanda.

Fikiria venye hiyo ilionekana kwa mtu ameketi Kampala ama Johannesburg. Kwake, Kibera haikuwa mtaa wenye watu wake, kanisa zake na mechi za Jumapili. Kibera ilikuwa mita chache za chuma kwa ramani, na hizo mita chache zilisimamisha mizigo ya nchi tatu. Sisi ndio tulikuwa Goma ya mtu mwingine.

Na reli hiyo ilifika hadi NSE. TransCentury, iliyoingia sokoni Julai 2011, ilikuwa na kipande cha RVR. Ikauza kipande chake 2014. Mwaka 2017 mkataba wenyewe wa RVR ukavunjwa, mwaka ule ule SGR, iliyojengwa na mkopo wa Uchina, ilianza kubeba abiria. Serikali ikiamua kujenga reli ingine kando ya reli yako, hiyo pia ni siasa za mataifa. Hakuna bunduki imelia, lakini biashara imekwisha.

Kawangware nayo ina kumbukumbu zake. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na NSE ikasimamisha biashara kwa muda siku hiyo juu bei zilikuwa zinaanguka. Uchaguzi wa marudio ukafanyika Oktoba 26, na siku zilizofuata Kawangware iliwaka, maduka yakachomwa na watu wakafa. Mapema Novemba upinzani ukatangaza kususia bidhaa za Safaricom, Brookside na Bidco. Mtu wa mtaa mwenye alikuwa na hisa za Safaricom alijikuta anaambiwa atupe laini ya kampuni yake mwenyewe.

Na juzi tu, Juni 25, 2024, uliona mwenyewe. Kesho yake rais akakataa kutia sahihi Mswada wa Fedha. Wiki mbili baadaye, Julai 8, Moody's wakashusha Kenya kutoka B3 hadi Caa1. Kwa lugha rahisi, waliambia wakopeshaji wa dunia kwamba kutupatia pesa kumekuwa hatari zaidi. Vijana walikuwa barabarani wakidai maisha, na mtu mwenye kompyuta New York akaandika hiyo kwa safu ya hatari. Sisemi maandamano yalikuwa mabaya. Nasema hivyo ndivyo soko husoma, halina moyo.

Sasa, kwa nini hii ni muhimu kwako wewe wa Kibera ama Kawangware kuliko kwa bwenyenye wa Karen? Juu yeye akipoteza kwa hisa, biashara yake ingine iko Dubai. Wewe siku Nairobi ikifungwa, nduthi yako haitembei, mama hauzi Toi, kibarua cha Industrial Area kimesimama, na siku hiyo hiyo hisa zako zimeshuka. Kila kitu chako kinaanguka pamoja. Halafu landlord anataka rent, na unalazimika kuuza hisa siku mbaya kuliko zote za mwaka. Hasara yenye ingekuwa ya kwa karatasi inageuka kuwa ya ukweli.

Ndio maana kabla ya hisa ya kwanza, uwe na akiba ya miezi mitatu ya rent na chakula mahali unaweza kuitoa haraka. Hata kama itakuchukua mwaka kuikusanya. Hiyo si woga. Hiyo ndiyo inakupa nguvu ya kutouza wakati kila mtu anauza.

NA HIZI ZA KUNUNUA KWA SIMU KUTOKA NG'AMBO?

Kuna wasee wamechoka na NSE, wanatumia apu kununua hisa za Uchina, India, Brazili. Poa, lakini sheria ni zile zile, na mlango wa kutoka uko mbali zaidi.

Angalia Urusi. Februari 2022 Sberbank ilikuwa benki kubwa, yenye faida, wawekezaji wa dunia wanaipenda. Urusi ikavamia Ukraine Februari 24. Siku chache baadaye soko la Moscow lilifungwa kwa karibu mwezi mzima, na karatasi za Sberbank zenye zilikuwa zinauzwa London zikaanguka hadi kama senti moja ya dola. Halafu biashara yake ikasimamishwa kabisa. Watu hawakupoteza juu benki ilikuwa mbaya. Walipoteza juu mlango ulifungwa wakiwa ndani.

Vita hiyo hiyo ilikufikia hata kama hukuwa na hisa yoyote. Mafuta, ngano, mbolea, vyote vilipanda, na katikati ya 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200.

Uchina nayo ina mtego wake. Ukinunua Alibaba kule New York, unachonunua ni hisa za kampuni iliyosajiliwa visiwa vya Cayman, yenye ina mikataba na biashara ya Uchina. Novemba 2020 serikali ya Beijing ilisimamisha kampuni dada, Ant, siku mbili tu kabla iingie sokoni. Hakuna kura, hakuna kesi. Wakubwa waliamua, ikaisha.

Na usiende mbali. Tanzania, Machi 2017, serikali ya Magufuli ilizuia mchanga wa madini kusafirishwa nje. Julai kampuni ya Acacia, yenye hisa zake zilikuwa London, ikaletewa bili ya kodi ya dola bilioni 190. Hiyo ni pesa kushinda uchumi wote wa Tanzania wa mwaka huo. Bei ya hisa ikaporomoka, na 2019 Barrick wakainunua yote ikatoka sokoni. Watanzania wengi waliona serikali inadai haki yao ya dhahabu. Mwenye hisa aliona moto. Wote walikuwa wanaangalia kitu kimoja.

MASWALI MATANO YA KUULIZA

Haya, tushuke kwa kazi. Kabla uweke hata thao moja, pitia haya.

Moja, doo inatoka wapi? Kampuni iliyo sokoni lazima itoe ripoti, na iko bure kwa tovuti yake. Usisome kurasa zote 200. Tafuta ile inagawanya mapato na faida kwa nchi. Safaricom huweka Kenya peke yake na Ethiopia peke yake, Mei na Novemba. Mabenki hutoa ya mwaka mzima kuanzia Machi. Kama nchi yenye vita inaleta shilingi 5 kati ya kila 100, wacha presha. Kama inaleta 40, hiyo ni story ingine.

Mbili, inalipwa kwa pesa gani na inadaiwa kwa pesa gani? Muuzaji wa mitumba wa Toi anajua hii kushinda profesa. Bale inanunuliwa kwa dola, nguo inauzwa kwa shilingi. Dola ikipanda, faida inaliwa kabla hajafungua bale. Kampuni yenye inapata birr lakini inadaiwa dola iko kwa shida ile ile, tofauti ni kwamba bale lake ni la mabilioni.

Tatu, leseni iko mkononi mwa nani? Simu, benki, madini, umeme, mafuta: hizi zote zinaishi kwa karatasi ya serikali. Serikali ikikasirika ama ikibadilika, karatasi inaweza kubadilika. Kampuni ya sabuni ina uhuru zaidi kuliko kampuni ya dhahabu.

Nne, nikitaka kutoka, mlango uko wapi? Kuna hisa NSE ambazo wiki nzima hakuna mtu amenunua. Siku ya ngori, bei kwa screen haina maana kama hakuna mtu wa kukununulia.

Tano, je, bei tayari imehesabu ngori? Hapa ndipo pesa huwa. Wacha tupige mfano wa kubuni. Hisa inauzwa 20. Umesoma, umeona kati ya nafasi kumi, saba mambo yatakuwa sawa na itafika 28 kwa mwaka. Nafasi tatu mambo yataharibika na itashuka hadi 8. Zidisha: 28 mara 0.7 ni 19.60. 8 mara 0.3 ni 2.40. Jumla 22. Yaani kwa wastani unatarajia kutoka 20 hadi 22, asilimia 10.

Sasa linganisha na kitu chenye hakikupi presha. Katikati ya 2024, T-bill za serikali zilikuwa zinalipa hata asilimia 16. Kwa nini uchukue hisa ya kukutoa jasho kwa 10 wakati kuna 16 ukiwa umelala? Mwisho wa 2025 T-bill zilikuwa zimeshuka chini ya 10, kwa hivyo mizani ikabadilika. Na kama hiyo hiyo hisa ingeuzwa 14 badala ya 20, hesabu ile ile ya 22 inakupa faida ya zaidi ya asilimia 50. Hatari haijapungua hata kidogo. Bei ndiyo imekulipa kuibeba.

Hizo namba za saba na tatu ni makisio yako, hakuna mtu ana kipimo cha vita. Lakini ukiziandika kwa karatasi, angalau utajua unaamini nini. Wengi hununua bila kujua wanaamini nini, halafu wakiumia wanalaumu soko.

UWEKE NGAPI SASA?

Hili ndilo swali lenye linaokoa watu. Chukua ile kampuni unaipenda sana, halafu fikiria imeenda sufuri kabisa. Bado utalipa rent? Fees ya mtoto italipwa? Chama itaendelea? Kama jibu ni hapana, umeweka nyingi. Punguza hadi jibu liwe ndiyo.

Kama chama yenu ina 60,000, usiruhusu yule msee mwenye sauti kubwa awashawishi muweke yote kwa kampuni moja "juu inapanda." Gawanyeni. Sehemu kubwa ikae mahali salama pa kutoa haraka, ingine kwa bondi ama T-bill, na ile ya hisa muigawe kwa kampuni zenye hazilii kwa sababu moja. Benki mbili zenye zote ziko Congo si kugawanya. Hiyo ni kuweka mayai kwa vikapu viwili halafu kuvipakia kwa nduthi moja.

Na msikope. Ile 2008 ilishatufunza. Mwenye alinunua na pesa yake angeweza kungoja miaka minne. Mwenye alikopa, benki haikumngoja.

Andika pia siku zenye unajua zinakuja. Uchaguzi Mkuu wetu ni Agosti 10, 2027. Hakuna mtu anaweza kukuambia itakuwaje, lakini tarehe yenyewe si siri. Akiba ya dharura iwe imejaa kabla ya hapo. Na kama bei zitaanguka juu ya woga tu huku kampuni zinaendelea kupiga kazi, wewe mwenye akiba ndiye utakuwa na uwezo wa kununua wakati wengine wanauza rent isilale. Ukiona Ethiopia na Eritrea zimeanza maneno juu ya bahari tena, ama M23 wamesonga upande wa Katanga, fungua ile ripoti uangalie asilimia kabla ufungue apu ya kuuza.

Mwisho, kama kuna msee anakuambia ana "uwekezaji wa ng'ambo" wenye hauna hatari na unalipa kila wiki, hiyo si siasa za mataifa. Huyo ni mwizi. Hepa.

Kwa mtaa tunajua kupima hatari kushinda watu wengi. Tunajua saa ngapi usipite chini ya daraja, mteja gani usimpe deni, na landlord gani ukichelewa siku mbili anaweka kufuli. Sasa hiyo akili ilete kwa hisa. Ramani ya Ethiopia na Congo ni kubwa kuliko ya Laini Saba, lakini maswali ni yale yale: nani anashika hii njia, akikasirika nitatokea wapi, na ninalipwa ngapi kupita hapa?